Mbadala wa Damu kwa Majeruhi wa Ubongo: Sayansi Imefikia Wapi na Mwananchi Afanye Nini

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

Mtu aliyeumia ubongo na wakati huohuo akapoteza damu nyingi hukabiliwa na hatari mbili kwa mpigo: jeraha lenyewe, na njaa ya oksijeni inayolifuata jeraha hilo. Katika maeneo ya pembezoni mwa Jiji la Dar es Salaam kama Ukonga, Gongo la Mboto na Pugu, ambako malori, daladala, bajaji na bodaboda hukutana mchana na usiku, hatari hiyo iko karibu na kila kaya. Kwa sababu hiyo, ndugu wa majeruhi wanapoambiwa kuwa damu inahitajika haraka, huuliza swali la haki: je, hakuna damu ya kutengenezwa kiwandani inayoweza kumwokoa mgonjwa bila kusubiri mchangiaji?

Jibu kwa ufupi ni kwamba vimiminika vya namna hiyo vimebuniwa na kujaribiwa kwa miongo kadhaa, lakini mpaka sasa hakuna hata kimoja kilichothibitishwa kuchukua nafasi ya damu ya binadamu katika tiba ya majeruhi wa ubongo. Makala haya yanaeleza sababu, yanabainisha tiba inayotumika, na yanaonesha wajibu wa mwananchi kabla na baada ya ajali.

Upungufu mkubwa wa damu na ubongo

Damu hubeba oksijeni kwa msaada wa himoglobini, protini iliyomo ndani ya chembe nyekundu. Kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani (WHO), mwanaume mzima huhesabiwa kuwa na upungufu wa damu himoglobini yake inapokuwa chini ya gramu 13 kwa desilita, na mwanamke asiye mjamzito chini ya gramu 12. Inaposhuka chini ya gramu 8 kwa mtu mzima, upungufu huo huitwa mkubwa.

Ubongo ni takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote. Hauna ghala la kuhifadhia oksijeni kwa matumizi ya baadaye, hivyo hutegemea mtiririko wa damu usiokatika. Damu inapopungua, mishipa ya ubongo wenye afya hutanuka ili kufidia. Ubongo uliojeruhiwa huweza kupoteza uwezo huo, huku uvimbe ndani ya fuvu ukibana mishipa iliyobaki. Sehemu ambazo hazikuguswa na pigo la kwanza huanza kufa saa au siku kadhaa baadaye. Madaktari huliita tukio hili jeraha la pili la ubongo, na sehemu kubwa ya tiba ya hospitalini hulenga kulizuia.

Ni muhimu kufahamu kuwa kwa mtu mzima, damu inayovuja ndani ya fuvu peke yake kwa kawaida haitoshi kumletea upungufu mkubwa, kwa kuwa fuvu halina nafasi ya kuibeba. Damu nyingi hupotea kwingine: ngozi ya kichwa iliyochanika, tumbo, nyonga au paja. Mfupa wa paja ukivunjika bila jeraha la wazi, mtu anaweza kupoteza lita moja au zaidi ndani ya msuli, ilhali mwili mzima wa mtu mzima una takriban lita 5. Aidha, kipimo cha himoglobini kinachochukuliwa dakika chache baada ya ajali huweza kuonekana cha kawaida, kwa kuwa chembe na majimaji vimetoka kwa pamoja. Ndiyo maana daktari huangalia pia mapigo ya moyo na shinikizo la damu. Kwa majeruhi wa ubongo, shinikizo la juu kushuka chini ya 90, hata kwa muda mfupi, huhusishwa na ongezeko kubwa la vifo.

Nini huitwa mbadala wa damu

Jina hili hutumika ovyo mitaani, hivyo ni vema kutenganisha mambo manne.

Kwanza ni maji ya dripu. Maji ya chumvi hujaza mishipa na kupandisha shinikizo kwa muda, lakini hayabebi oksijeni kama damu. Yakizidi, huzimua damu iliyobaki. Hata kimiminika cha albumini, kinachotokana na damu, hakikuwafaa wagonjwa hawa: uchambuzi uliochapishwa mwaka 2007 kutoka hospitali za Australia na New Zealand ulionesha vifo vingi zaidi kwa majeruhi wa ubongo waliopewa albumini kuliko waliopewa maji ya chumvi.

Pili ni dawa zinazouchochea mwili kutengeneza damu yake, kama madini ya chuma na homoni ya erithropoietini. Hizi huhitaji siku hadi wiki kuleta matokeo. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2015 kwa wagonjwa 606 wa majeraha ya ubongo haukuona kuwa homoni hiyo iliboresha hali ya ubongo wao.

Tatu ni vibeba-oksijeni, ambavyo ndivyo mbadala wa damu kwa maana halisi ya kitabibu. Viko vya aina kuu mbili: vinavyotengenezwa kwa himoglobini iliyotolewa nje ya chembe zake, ya binadamu au ya ng'ombe, na vinavyotengenezwa kwa kemikali za perfluorokaboni ambazo huyeyusha oksijeni kwa wingi.

Nne ni vinywaji vya nyumbani kama juisi ya rozela, na mboga kama matembele. Mboga za majani zina nafasi yake katika lishe ya kila siku, lakini haziwezi kurejesha damu iliyomwagika ajalini. Kumnywesha kitu chochote majeruhi aliyepoteza fahamu ni kumhatarishia maisha, kwani kinaweza kuingia kwenye mapafu.

Safari ya majaribio duniani

Faida inayotarajiwa kwa vibeba-oksijeni ni ya wazi. Havina kundi la damu, hivyo havihitaji kulinganishwa na damu ya mgonjwa, na baadhi huhifadhika kwa miaka bila jokofu. Kwa nchi zenye umbali mrefu kati ya eneo la ajali na hospitali, hilo lingekuwa jambo kubwa.

Mwaka 1989 Marekani iliidhinisha Fluosol, kimiminika cha perfluorokaboni, kwa matumizi ya tiba ya mishipa ya moyo, lakini kikaondolewa sokoni mwaka 1994. Kilichofuata ni HemAssist, kilichotengenezwa kwa himoglobini ya binadamu na kujaribiwa kwa majeruhi wa ajali. Jaribio hilo lilisimamishwa mwaka 1998, na matokeo yaliyochapishwa mwaka uliofuata yalionesha kuwa katika siku 28 walikufa asilimia 46 ya waliopewa kimiminika hicho, ikilinganishwa na asilimia 17 ya waliopewa maji ya chumvi.

Kingine ni PolyHeme, kilichojaribiwa Marekani kwa majeruhi zaidi ya 700 kuanzia eneo la ajali. Vifo vya siku 30 vilikuwa asilimia 13.4 kwa waliokipata na asilimia 9.6 kwa waliopata huduma ya kawaida. Tofauti hiyo ilikuwa ndogo mno kuthibitisha madhara kitakwimu, lakini haikuonesha faida iliyotarajiwa, na mamlaka ya dawa ya Marekani ilikataa kukiidhinisha mwaka 2009. Mwaka mmoja kabla, uchambuzi wa majaribio 16 yenye washiriki zaidi ya 3,700 ulikuwa umehitimisha kuwa vimiminika vya aina hii viliongeza hatari ya kifo kwa takriban asilimia 30, na hatari ya mshtuko wa moyo kwa karibu mara 2.7.

Barani Afrika, mfano ulio karibu ni Afrika Kusini. Mwaka 2001 nchi hiyo ilisajili Hemopure, kimiminika cha himoglobini ya ng'ombe, kwa wagonjwa wazima wa upasuaji wenye upungufu wa damu, wakati hofu ya maambukizi ya VVU kupitia damu ilipokuwa kubwa. Lengo lilikuwa kuahirisha au kupunguza uongezaji wa damu. Himoglobini hiyo hubaki mwilini kwa siku moja hivi, ilhali chembe nyekundu za binadamu huishi takriban siku 120. Kwa hiyo, hata inapotumika, kazi yake ni kumvusha mgonjwa mpaka damu ipatikane au mwili utengeneze yake.

Ipo pia njia mpya. Mwezi Novemba 2022, watafiti wa Uingereza walitangaza kuwa wameongezea watu wa kujitolea kiasi kidogo cha chembe nyekundu zilizokuzwa maabara, mithili ya vijiko viwili vya chai. Hata chembe hizo zilikuzwa kutokana na seli shina zilizotoka katika damu ya wachangiaji. Vivyo hivyo, HemAssist na PolyHeme vilitengenezwa kwa damu ya binadamu iliyopita muda wa matumizi. Mbadala mwingi wa damu, kwa hakika, ulianzia kwenye mkono wa mchangiaji.

Kwa nini ubongo ulioumia ni mtihani mgumu zaidi

Himoglobini ikiwa nje ya chembe yake hufyonza gesi ya naitriki oksaidi, ambayo kazi yake ni kuilegeza mishipa. Gesi hiyo ikipungua, mishipa hujikaza na shinikizo la damu hupanda. Kipimo cha shinikizo kinaweza kuonekana kizuri huku damu inayofika kwenye viungo ikipungua. Kwa ubongo uliovimba ndani ya fuvu lisilotanuka, mishipa kujikaza ni hatari isiyohitajika.

Tafiti kadhaa kwa wanyama zimewahi kuashiria matokeo mazuri kwa majeraha ya ubongo, na kimiminika kimoja cha perfluorokaboni, Oxycyte, kilifika hatua ya kujaribiwa kwa idadi ndogo ya wagonjwa wa majeraha ya kichwa. Jaribio hilo lilisitishwa kabla ya kukamilika. Kutoka kwa mnyama wa maabara hadi kwa kijana aliyeanguka na pikipiki kuna hatua nyingi, na dawa nyingi huishia njiani.

Damu ya kawaida na kiwango kinachofaa

Mjadala wa kitabibu kwa sasa umejikita katika swali lingine: majeruhi wa ubongo aongezewe damu himoglobini inaposhuka hadi kiwango gani? Kwa wagonjwa mahututi wengi, kiwango kinachokubalika kwa miaka mingi ni gramu 7 kwa desilita. Mwaka 2024 zilitoka tafiti mbili kubwa kuhusu wagonjwa wa ubongo.

Utafiti wa HEMOTION, uliofanyika Canada, Uingereza, Ufaransa na Brazili, uliwahusisha wagonjwa 742 wa majeraha ya ubongo. Waliongezewa damu mapema, himoglobini ikiwa gramu 10 au chini, walipata matokeo mabaya baada ya miezi 6 kwa asilimia 68.4, waliosubiri hadi gramu 7 walikuwa asilimia 73.5. Tofauti hiyo haikutosha kutoa hitimisho. Utafiti wa TRAIN, uliofanyika katika nchi 22 kwa wagonjwa wa majeraha ya ubongo na wa kuvuja damu kwenye ubongo, ulilinganisha gramu 9 na gramu 7. Hapa waliopata damu mapema walikuwa na matokeo mabaya kwa asilimia 62.6, dhidi ya asilimia 72.6.

Damu nyingi kupita kiasi nayo ina madhara yake. Utafiti wa Houston, Marekani, uliochapishwa mwaka 2014 kwa wagonjwa 200, uliona damu kuganda kwenye mishipa kukitokea zaidi kwa walioongezewa hadi gramu 10. Uamuzi hubaki kwa daktari anayemwona mgonjwa. Hata hivyo, ujumbe wa jumla kwa mwananchi ni mzito: ushahidi mpya unaelekea kuonesha kuwa ubongo ulioumia huenda ukahitaji damu mapema zaidi kuliko ilivyodhaniwa. Mahitaji ya damu hospitalini, kwa maana hiyo, yanaweza kuongezeka.

Ipo pia dawa inayopunguza uvujaji, asidi ya traneksamiki. Utafiti wa CRASH-3, uliochapishwa mwaka 2019 kwa majeruhi zaidi ya 12,700 katika nchi 29, ulionesha kuwa dawa hiyo ilipunguza vifo vitokanavyo na jeraha la kichwa kwa wenye majeraha madogo na ya kati, ikitolewa ndani ya saa 3. Kadiri ilivyocheleweshwa, ndivyo manufaa yalivyopungua. Muda kati ya eneo la ajali na hospitali ni sehemu ya tiba.

Damu salama nchini

Mpango wa Taifa wa Damu Salama ulianzishwa mwaka 2004 chini ya Wizara ya Afya, na hufanya kazi kwa kanda. Jiji la Dar es Salaam lipo katika Kanda ya Mashariki, yenye kituo chake Mchikichini, Ilala. Kila chupa ya damu hupimwa VVU, homa ya ini aina ya B na C, pamoja na kaswende, kisha hutambuliwa kundi lake. Damu hiyo inaweza kutenganishwa kuwa chembe nyekundu, plazima na chembe sahani, hivyo mchango wa mtu mmoja ukawafaa wagonjwa zaidi ya mmoja.

Majeruhi kutoka Ukonga kwa kawaida huhudumiwa kwanza katika kituo kilicho karibu au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Amana. Anapohitaji upasuaji wa ubongo, hupelekwa Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), iliyoanzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1996 na yenye madaktari bingwa wa upasuaji wa mifupa, ubongo na mishipa ya fahamu. Katika kila hatua hiyo, damu sharti iwepo tayari kwenye jokofu. Damu inayochangwa mgonjwa akiwa mlangoni bado itahitaji kupimwa na kuandaliwa.

Wakazi wa maeneo haya wanayo kumbukumbu ya jambo hilo. Tarehe 16 Februari 2011 mabomu yalilipuka katika ghala la silaha la jeshi Gongo la Mboto, jirani na Ukonga, watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha na mamia wakajeruhiwa kwa usiku mmoja. Chini ya miaka miwili kabla, tarehe 29 Aprili 2009, maafa kama hayo yalitokea Mbagala, wilayani Temeke. Katika maafa ya aina hiyo, wengi huhitaji damu katika saa ileile, na inayoweza kuwafaa kwanza ni ile iliyochangwa kabla.

Kwa makadirio yanayotumiwa na WHO, nchi huhitaji kwa mwaka chupa za damu zisizopungua asilimia 1 ya idadi ya watu wake. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120, na Mkoa wa Dar es Salaam watu 5,383,728. Kwa hesabu hiyo, mkoa huu peke yake ungehitaji takriban chupa 54,000 kwa mwaka, yaani wastani wa chupa zipatazo 147 kila siku.

Mgonjwa asiyeridhia kuongezewa damu

Wapo wananchi ambao kwa sababu za imani hawapokei damu, wakiwemo Mashahidi wa Yehova. Kwa mgonjwa wa namna hiyo, madaktari hudhibiti uvujaji mapema, hupunguza kiasi cha damu inayochukuliwa kwa vipimo, humpa oksijeni, madini ya chuma na homoni, na hupunguza mahitaji ya mwili kwa kumtuliza. Nchini Marekani, baadhi ya wagonjwa wa aina hii wamepewa Hemopure kwa kibali maalumu, pale ambapo damu haikuwa chaguo na maisha yalikuwa hatarini.

Hapa Tanzania, dawa yoyote huhitaji kusajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) kabla ya kutumika, na majaribio ya dawa kwa binadamu huhitaji kibali chake pamoja na idhini ya kimaadili. Mwananchi anayeuziwa mtaani au mtandaoni bidhaa inayodaiwa kuwa damu bandia, au dawa ya kurudisha damu papo hapo, anashauriwa kutoitumia na kutoa taarifa TMDA au kituo cha afya kilicho karibu.

La kufanya ajali inapotokea

Piga simu Polisi kwa namba 112, au Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kwa namba 114. Wakati msaada ukisubiriwa, zingatia yafuatayo:

Zuia damu inayotoka kwa kukandamiza jeraha kwa kitambaa safi bila kuachia. Ikiwa fuvu limebonyea au limevunjika, funika jeraha bila kukandamiza katikati.

Usiikunje wala kuizungusha shingo ya majeruhi. Akitapika, mgeuze ubavu, kichwa na mwili vikienda pamoja.

Usimpe chakula, kinywaji wala dawa ya maumivu. Aspirini huweza kuongeza uvujaji wa damu.

Usimbebe katikati ya abiria wawili juu ya pikipiki, isipokuwa kubaki pale kuna hatari kubwa zaidi.

Waeleze wahudumu saa ya ajali, kama alipoteza fahamu, na dawa anazotumia.

Kinga bado ndiyo nafuu kuliko tiba zote. Mapitio ya tafiti za kimataifa yanaonesha kuwa kofia ngumu hupunguza hatari ya jeraha la kichwa kwa mwendesha pikipiki kwa takriban asilimia 69, na hatari ya kifo kwa asilimia 42. Abiria naye anahitaji yake, na mkanda wake uwe umefungwa.

Nani anaweza kuchangia damu

Mchangiaji anatakiwa awe na umri wa miaka 18 hadi 65, uzito usiopungua kilo 50, na afya njema. Himoglobini yake hupimwa kwanza na isipungue gramu 12.5 kwa desilita. Mwanaume anaweza kuchangia kila baada ya miezi 3, na mwanamke kila baada ya miezi 4. Kiasi kinachotolewa ni takriban mililita 450, na majimaji yake hurejea mwilini ndani ya siku moja au mbili. Chembe nyekundu huchukua wiki kadhaa. Damu hutolewa kwa hiari bila malipo, na haiuzwi kwa mgonjwa. Mtu mwenye swali kuhusu malipo aliyoombwa awasilishe kwa uongozi wa hospitali husika.

Chembe nyekundu huhifadhiwa kwenye jokofu kwa siku 35 hadi 42 tu, kutegemea kihifadhi kilichotumika, na chembe sahani kwa siku 5. Ghala lililojaa tarehe 14 Juni, Siku ya Wachangia Damu Duniani, linaweza kuwa tupu kabla ya Agosti kuanza. Kwa hiyo, mchangiaji anayerudi mara kwa mara ana thamani ya pekee. Hadi siku sayansi itakapotoa mbadala uliothibitishwa, majeruhi wa ubongo atakayefikishwa hospitalini usiku kutoka Ukonga ataitegemea chupa ambayo mtu asiyemfahamu aliijaza wiki kadhaa kabla. Mwananchi aliye tayari anaweza kufika kituo cha damu salama Mchikichini, Hospitali ya Amana, Hospitali ya Taifa Muhimbili, au timu za ukusanyaji damu zinapotembelea mtaa, shule au nyumba ya ibada iliyo karibu naye.